Daladala Haziji Zenyewe: Dhana Potofu Kuhusu Usafiri wa Vitongoji vya Pwani ya Tanga

Kazi yangu ni kushauri watu kuhusu usafiri wa mijini: wanaopima viwanja, wanaoviuza, wanaovinunua, na kamati za mitaa zinazotaka kujua kwa nini wakazi wake wanachelewa kazini. Kwa miaka yote hii kuna kauli moja ambayo karibu kila mteja huitoa, awe msomi au asiwe, nayo ni hii: "Usafiri usikutie wasiwasi, watu wakishajaa daladala zitakuja zenyewe." Juzi nimeisikia tena, safari hii kutoka kwa mtu aliyekuwa na ramani ya viwanja vilivyo karibu na bahari mezani pake, na ramani ile haikuwa na hata sehemu moja ambamo gari la abiria lingeweza kugeuza. Nimeona niijibu kwa kirefu, kwa sababu dhana hii inaharibu mitaa mipya kuliko upungufu wowote wa fedha za serikali.

Sensa ya mwaka 2012 ilikuta Jiji la Tanga lina watu kama 273,000, na ile ya mwaka 2022 ikakuta zaidi ya 393,000. Watu hao wa nyongeza hawakujibana Ngamiani, ambako barabara zimenyooka na kupewa namba tangu zamani, bali wengi wamekwenda kujenga pembeni, na upande wa bahari unapendwa mno: Sahare, Mwahako, na maeneo yanayofuata barabara ya Pangani. Wanakwenda na imani kwamba usafiri utawafuata.

Hautawafuata kwa sababu tu wamehamia. Daladala ni biashara ya mtu binafsi, na dereva anapoondoka na gari alfajiri tayari anadaiwa hesabu ya tajiri, yaani fedha za kila siku za mwenye gari, pamoja na mafuta. Kinachobaki ndicho chake na cha konda wake. Kwa hiyo swali analojiuliza si kwamba mtaa fulani una watu wangapi, bali ni mara ngapi kiti kimoja kitauzwa katika safari moja. Katika njia inayokatiza katikati ya mji, abiria hupanda na kushuka njiani kote, na kiti kimoja huweza kulipiwa mara mbili au tatu kabla gari halijafika mwisho. Kwenye kitongoji cha ufukweni mambo ni tofauti kabisa: asubuhi wote wanakwenda mjini, gari linarudi tupu, jioni wote wanarudi, gari linakwenda mjini tupu. Kila kiti kinauzwa mara moja kwa safari mbili za mafuta. Dereva hahitaji shahada ya uchumi kulitambua hilo, na ndiyo maana huliona gari likigeuzia njiani, konda akiwashusha abiria watatu waliobaki kwa maneno ya haraka, huku ubao wa mbele ukiwa bado umeandikwa jina la kituo cha mwisho.

Jambo la pili ambalo wauza viwanja hawalitazami ni bahari yenyewe. Katika kupanga vituo tunachukulia kwamba mtu yuko tayari kutembea mita 400 hivi, yaani kama dakika tano. Kituo kilicho katikati ya makazi kinazungukwa na wateja pande zote, na duara lake lina eneo la takribani hekta 50. Kituo kilicho kwenye barabara ya ufukweni kina nusu duara tu, hekta 25, kwa kuwa upande wa pili hakuna abiria ila samaki. Tena Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mahali maji yanapofikia yakijaa, na katazo hilo ni la haki kabisa, lakini katika hesabu ya kituo chetu linaondoa hekta nyingine kama 5. Zimebaki 20. Toa asilimia 30 kwa ajili ya barabara na maeneo ya wazi, unabaki na 14.

Sasa gawa viwanja. Viwanja vya ufukweni huuzwa vikubwa, kwa kuwa mnunuzi anataka bustani na upepo. Kwa mita za mraba 1,000 kila kimoja unapata viwanja 140, na kwa watu watano kwa kila nyumba kituo kina wakazi 700. Mtaa wa ndani wenye duara kamili na viwanja vya mita za mraba 400 una viwanja 875 na wakazi zaidi ya 4,000 kwa kituo kile kile kimoja. Tofauti ni mara sita, na hapo tumejifanya kwamba kila kiwanja cha ufukweni kimekwisha kujengwa, ilhali vingi kwa miaka mingi hubaki msingi na nondo, mwenyewe akiwa Dar es Salaam. Mtu anaposema "watu wakishajaa", namwomba aniambie ni lini mtaa aliouchora mwenyewe utajaa. Kwa ramani aliyoichora, hautajaa kamwe kwa kiwango ambacho daladala inakihitaji.

Na hata pale ambapo ungejaa, watu hawangoji. Familia inayohamia leo inahitaji kufika kazini kesho. Mwezi wa kwanza wanapanda bodaboda, mwaka wa kwanza wananunua pikipiki, na anayeweza anaagiza gari dogo kwa mkopo. Itakapotimia idadi ile inayosubiriwa, wateja wa daladala watakuwa wamekwisha kuondoka sokoni, na watakaobaki kituoni ni wasio na namna: wanafunzi, wazee, wasaidizi wa kazi za nyumbani na wafanyabiashara wadogo wanaopeleka bidhaa sokoni. Mwenye gari naye akiwatazama hao wachache anasema huku hakuna biashara. Usafiri huanza pamoja na nyumba za kwanza, au huanza kwa shida kubwa sana baadaye.

Ndipo ninapowasihi wateja wangu mambo mawili, nao huyaona madogo. La kwanza ni kwamba barabara kuu ya mtaa iunganishwe na mji kwa ncha zote mbili, ili gari liingie huku na kutokea kule likiokota abiria wa mitaa mingine, badala ya kuingia kwenye mfuko na kurudi palepale. La pili ni vichochoro. Kati ya kila viwanja vichache iachwe njia ya miguu ya mita tatu au nne, inayoonyeshwa kwenye ramani ya mipango miji kabla haijaidhinishwa, kwa sababu baada ya hati kutolewa hakuna mwenye kiwanja atakayekubali kuvunja ukuta wake. Nimesimama kwenye mlango wa nyumba ambayo kituo chake kilionekana juu ya ukuta wa jirani, umbali wa mita 200 kwa jicho, lakini mama wa nyumba ile hutembea karibu kilomita nzima kwenye mchanga, akizunguka kuta tatu zisizo na upenyo, mtoto mgongoni, ili afike hapo. Kituo hicho hakipo mbali naye, kimezibwa. Nikiulizwa ni kitu gani kimoja ningekifanya kwa pwani yote ya Tanga, nitajibu vichochoro kabla ya kutaja basi lolote.

Dhana nyingine hazinipi taabu kama hiyo, ingawa nazo husemwa sana.

Wengi huamini kwamba lami itamaliza tatizo. Lami ni jambo jema, hasa masika madimbwi yanapofika magotini, na TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, wanastahili kukumbushwa kuhusu mitaro. Hata hivyo, lami kwenye barabara isiyotokea popote haibadilishi hesabu ya dereva hata kidogo; inawarahisishia wenye magari madogo, nao huongezeka. Kupanua barabara ya kuingia mjini kuna matokeo hayohayo, kwa kuwa nafasi iliyopatikana hujazwa na magari ambayo zamani yangebaki nyumbani.

Wapo wanaotaka mwendokasi. Mabasi yale yenye njia yao ya pekee yalianza Dar es Salaam mwaka 2016 katika mtandao wa karibu kilomita 21, njia yake kuu ikitoka Kimara hadi Kivukoni, kwa sababu barabara ya Morogoro ilikuwa tayari na umati wa abiria kila saa, mchana kutwa. Kutenga njia ya pekee kwa kitongoji chenye wakazi mia kadhaa kwa kila kituo ni kuchoma fedha. Tunachohitaji Tanga ni kipanya kinachoondoka kwa saa inayojulikana, kijae kisijae. Mtindo wa kungoja gari lijae unafaa pale ambapo linajaa upesi; palipo na abiria wachache, saa maalumu ndiyo inayowajenga, kwa kuwa mtu anayejua kwamba gari linaondoka saa 12:20 atatoka nyumbani saa 12:12, na asiyejua atapiga simu kwa bodaboda wake.

Kuhusu bodaboda na bajaji, husemwa kwamba zinatosha. Zinafaa sana kumtoa mtu nyumbani hadi barabara kuu. Kwa safari nzima ya kwenda na kurudi kila siku ni mzigo mkubwa kwa mwenye kipato cha chini, na mzazi mwenye watoto watatu wa shule ataona jambo hili mwisho wa mwezi. Hapohapo niseme neno kuhusu baiskeli, ambayo Tanga inaifahamu kuliko miji mingi ya nchi hii. Ardhi yetu ni tambarare, umbali si mrefu, na bado ramani mpya hazina njia yake wala kivuli cha miti. Anayeona baiskeli ni usafiri wa mtu aliyeshindwa maisha amejinyima chombo bora kabisa cha kumfikisha kituoni.

Konda anayewaacha wanafunzi hulaumiwa kwa roho mbaya. Tabia hiyo ni kosa na siitetei, lakini chanzo chake ni hesabu ileile: nauli ya mwanafunzi ni ya chini, kiti ni kilekile, na deni la tajiri halipungui. Ukali kituoni utasaidia siku askari yupo. Gari lenye mkataba wa kulipwa kwa safari ilizofanya, badala ya kwa vichwa ilivyobeba, halina sababu ya kumkimbia mtoto.

Na kwa kuwa tuko pwani, hakosekani mtu wa kupendekeza boti. Kivuko cha Kigamboni kilistawi kwa sababu maji ya kuvuka ni machache na njia ya nchi kavu ilikuwa ndefu mno, hadi daraja la Nyerere lilipofunguliwa Aprili 2016. Kwa Chongoleani, ambako bomba la mafuta ghafi kutoka Uganda linaishia na ambako barabara inazunguka ghuba, hoja ya boti inasikilizika. Kwa Sahare haina maana, kwa kuwa barabara ni fupi kuliko safari ya kwenda gatini, kungoja, kuvuka na kutembea tena. Maji yetu hupwa na kujaa kwa mita kadhaa, kwa hiyo gati lisilopanda na kushuka pamoja nayo litakaa juu ya matope sehemu ya siku, na kusi ikivuma abiria wa kawaida hatapanda.

Wakazi ambao tayari wamejenga huniuliza wafanye nini. Leseni ya LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa nchi kavu, inataja njia ambayo gari linapaswa kuhudumia, na kukatisha njia hiyo ni kosa linaloweza kuripotiwa kwa namba ya gari, tarehe na saa. Kuhusu njia mpya, barua ya "tunaomba usafiri" haimpi mtu yeyote kitu cha kufanyia kazi. Pitisheni daftari nyumba kwa nyumba kupitia kwa mwenyekiti wa mtaa, kila mtu aandike saa anayotoka, anakokwenda, saa anayorudi, na kama kweli atapanda gari likiwepo kwa saa hiyo. Jumlisheni kwa kila nusu saa. Peleka jedwali hilo ofisi ya LATRA ya mkoa na nakala Halmashauri ya Jiji, kisha mwonyesheni pia mwenye magari mawili au matatu mnayemfahamu, kwa kuwa yeye ndiye atakayeomba leseni. Ambatanisheni mchoro unaoonyesha mahali gari litakapogeuzia, na kama mahali hapo ni kiwanja cha mtu, ambatanisheni na ridhaa yake ya maandishi.