Je, wajua? Kuvunja nyumba usiku ni kosa hata kama hakuna kilichoibwa

Kwa miaka mingi niliamini kwamba mtu akikutwa ndani ya nyumba ya wenyewe usiku wa manane, mikono mitupu, hana kesi ya maana. Nilikosea. Kifungu cha 304 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya hakingoji wizi ukamilike. Kinachotakiwa ni kwamba alivunja na kuingia makazi ya watu akiwa na nia ya kutenda kosa kubwa humo. Mchana, kifungo hufika miaka 7, usiku, 10. Hata “kuvunja” si lazima kitasa king’oke: kwa kifungu cha 303, kusukuma mlango ulioshindikwa kunatosha, na mkono ukishapita dirishani, mtu ameingia. Sahani zote zaweza kuwa kabatini, na kosa likawa limetimia.

Basi nia inathibitishwaje, na hakuna aonaye ya moyoni? Mtazame mtu anayeelekea kisimani na ndoo na kamba. Hukumsikia akisema anakwenda kuteka maji, lakini huna shaka. Mwondolee ndoo, abaki na kamba tu: pengine anakwenda kumfunga mbuzi. Mahakama hupima vivyo hivyo. Mtaimbo, gunia, saa nane za usiku, kukimbia alipomulikwa tochi: vikikaa pamoja, huelekeza upande mmoja. Lakini jirani mlevi aliyelala sebuleni ana kamba bila ndoo, na kifungu cha 13 kinaitaka mahakama izingatie ulevi inapouliza kama nia ilikuwepo. Mzigo wa kuithibitisha hubaki kwa upande wa mashtaka. Kuwa ndani peke yake hakutoshi.

Hapa ndipo rufaa inaponivutia sana. Mahakama Kuu, katika rufaa ya kwanza, haitakiwi kuupokea tu uamuzi wa hakimu. Mwaka 1972 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilisema wazi kwamba mahakama inayosikiliza rufaa ya kwanza iupime ushahidi upya na kufikia hitimisho lake, ikikumbuka kwamba haikuwaona mashahidi wakisema. Kwa hiyo majaji huipekua upya ile ndoo na ile kamba, wakiwa na maandishi tu mbele yao. Rufaa ya pili ni nyembamba zaidi: Mahakama ya Rufaa husikiliza hoja za sheria tu. Hapo mkata rufaa hawezi kudai tena kwamba gunia lilikuwa la makaa. Lazima aonyeshe kwamba nia ilikisiwa pasipo ushahidi wowote, au kwamba yeye ndiye aliyetwishwa mzigo wa kuikanusha.