Je, wajua? Uingereza iliwahi kuwa na waziri mkuu asiye na kiti katika bunge lolote

Kuanzia tarehe 23 Oktoba 1963 hadi 7 Novemba mwaka huo, Uingereza iliongozwa na mtu ambaye hakuwa mbunge wa kuchaguliwa wala lodi, yaani mwenye cheo cha ukabaila kinachompa kiti katika bunge la pili. Aliitwa Sir Alec Douglas-Home. Hiyo "Home" hutamkwa "Hyum", kwa sababu ambazo Waskochi wenyewe hawaoni haja ya kuzieleza. Wiki moja tu nyuma alikuwa Erli (daraja mojawapo la ulodi) wa 14 wa Home, mwenye kiti cha kurithi katika Bunge la Malodi. Je, aliwezaje kushika nchi akiwa amesimama nje ya milango yote miwili ya Bunge?

Jibu linalokuja haraka ni kwamba sheria ilipindishwa kwa ajili yake. Ni jibu la kawaida, na si sahihi.

Kosa hilo lina mzizi unaoeleweka, hasa kwetu. Katiba ya Tanzania, ibara ya 51, inamtaka Rais ateue waziri mkuu kutoka miongoni mwa wabunge waliochaguliwa majimboni, kisha Bunge limthibitishe kwa kura. Aliyezoea utaratibu huo hudhani Uingereza, ambako mfumo wenyewe ulitoka, wana kifungu kama hicho mahali fulani. Hawana. Hakuna sheria ya Uingereza isemayo waziri mkuu lazima awe mbunge. Kilichopo ni desturi, nayo hufuatwa kwa sababu anayeivunja hulipa gharama ya kisiasa, wala si kwa hofu ya hakimu. Lodi Salisbury aliongoza serikali akiwa katika Bunge la Malodi hadi 1902, na hakuna aliyeona ajabu. Baadaye desturi ikakaza: mwaka 1923 Lodi Curzon aliachwa na Stanley Baldwin akachukuliwa, na mwaka 1940 ulodi wa Halifax ulitajwa kuwa moja ya sababu za Churchill kupita. Tahadhari hapa: Curzon alikuwa na maadui wengi, na Halifax mwenyewe hakuonyesha hamu ya kazi hiyo. Kwa hiyo uzito wa cheo chao katika mizani bado unabishaniwa.

Ushahidi ulio wazi zaidi uko mbele ya macho ya kila mtu. Bunge la Uingereza linapovunjwa kabla ya uchaguzi mkuu, wabunge wote hukoma kuwa wabunge siku hiyo hiyo. Waziri mkuu huendelea na kazi. Maana yake kila waziri mkuu anayekwenda kwenye uchaguzi mkuu hukaa wiki kadhaa bila kuwa mbunge, na nchi haisimami. Alichokuwa nacho Home cha kipekee ni kwamba Bunge lilikuwepo, ila yeye hakuwemo.

Desturi inachodai hasa ni kwamba kiongozi wa serikali aweze kusimama katika Bunge la Makabwela, lile la wabunge wa kuchaguliwa, ajibu maswali, na awe na wingi wa kura nyuma yake. (Kiswahili kimelibandika bunge hilo jina la makabwela, jina linalochekesha kidogo ukikumbuka kwamba Churchill, mjukuu wa dyuki, alikaa humo miaka zaidi ya 60.) Pengo fupi lenye tarehe ya mwisho huvumiliwa. Pengo lisilo na mwisho halivumiliwi, na aliyeligundua hilo kwa uchungu ni Patrick Gordon Walker. Oktoba 1964 alipoteza kiti chake cha Smethwick, lakini akateuliwa waziri wa mambo ya nje hivyo hivyo. Akatafutiwa jimbo jingine, Leyton, ambalo chama chake kiliona ni salama. Januari 1965 akashindwa huko pia, akajiuzulu. Hakuna kifungu kilichomwondoa. Uvumilivu ndio ulioisha.

Hivyo kuongoza bila kiti kulikuwa kugumu kisiasa, si kisheria. Fundo la kisheria lilikuwa upande mwingine kabisa: lodi wa kurithi anaachaje kuwa lodi?

Hadi Julai 1963 jibu lilikuwa fupi: haiwezekani. Ulodi wa aina hiyo hauwi kama cheo cha kazini ambacho mtu huandikia barua ya kujiuzulu. Ufikirie kama mkoba wa uganga. Mzee akifa, mkoba unamwangukia mrithi, apende asipende. Hakuuomba, hawezi kuuuza, hawezi kumpa mdogo wake. Na kwa Uingereza, aliyeangukiwa na mkoba alipoteza papo hapo haki ya kugombea Bunge la Makabwela. Home aliyaonja hayo Julai 1951: alikuwa mbunge wa Lanark, baba yake akafariki, na ubunge ukaisha siku hiyo.

Aliyegoma ni Tony Benn wa chama cha Labour. Baba yake, Viscount (daraja jingine la ulodi) Stansgate, alifariki Novemba 1960 na mkoba ukamwangukia. Benn akazuiwa kuingia bungeni, akagombea tena katika uchaguzi mdogo wa Bristol South East Mei 1961, akashinda, na mahakama ya uchaguzi ikampa kiti mpinzani aliyeshindwa. Kelele zilizofuata zilizaa Sheria ya Ulodi iliyoidhinishwa tarehe 31 Julai 1963. Benn akaukana ulodi wake jioni ile ile, wa kwanza katika historia.

Utaratibu wa sheria hiyo ni wa kikarani. Anayetaka kukana huandika hati, huitia sahihi, huifikisha kwa Lodi Chansela, waziri wa mambo ya sheria, nayo huingizwa katika daftari. Kuanzia hapo hana cheo, haki wala kiti, na mke wake naye huvuliwa. Hawezi kujutia: hati haifutiki. Mwenye vyeo kadhaa, kama Home, sharti avitaje vyote, maana wakati ule kimoja tu kikibaki kilitosha kumfungia mlango.

Turudi kwenye mkoba. Mrithi anayesema "siubebi" hauchomi. Anautundika ukutani. Maadamu yu hai, hakuna mwingine anayeruhusiwa kuugusa, hata mwanawe mkubwa. Siku akifa, mkoba unashuka ukutani na kumwangukia mrithi anayefuata kana kwamba hakuna kilichotokea. Ndiyo sababu kusema kwamba Home "aliufuta" uerli wa Home ni kosa. Aliulaza tu.

Jambo la pili ni muda, na hapa bahati inaingia. Sheria inafanya kazi kama dirisha la usajili wa wachezaji. Anayerithi leo ana miezi 12 ya kuamua. Aliyekuwa tayari mbunge alipewa mwezi mmoja tu. Wale waliokuwa malodi kabla ya sheria walipewa miezi 12 tangu sheria ianze, kisha dirisha likafungwa moja kwa moja. Serikali ilikusudia mwanzoni sheria ianze baada ya Bunge lile kuvunjwa. Ni Malodi wenyewe walioirekebisha ianze mara moja. Bila rekebisho hilo, Oktoba 1963 dirisha lingekuwa bado halijafunguliwa. Na kama Waziri Mkuu Harold Macmillan angeugua Oktoba ya 1964 badala ya 1963, dirisha la Home lingekuwa limeshafungwa.

Macmillan aliugua tezi dume usiku wa kuamkia 8 Oktoba, chama chake cha Conservative kikiwa kwenye mkutano mkuu Blackpool. Tarehe 10 barua yake ya kung'atuka ilisomwa mbele ya wajumbe, na msomaji alikuwa Home mwenyewe. Jioni ile ile Lodi Hailsham alitangaza kwamba ataukana ulodi ili awanie uongozi, kwa shangwe iliyowakera baadhi ya wakubwa. Chama hakikuwa na utaratibu wa kupiga kura kuchagua kiongozi. Wazee waliulizana kimyakimya, Macmillan akakusanya majibu akiwa kitandani hospitalini, na tarehe 18 akamshauri Malkia Elizabeth amwite Home. Kama majibu yale yalikusanywa kwa haki ni ubishi usiokwisha. Waziri Enoch Powell alikataa kuwamo serikalini, na waziri mwenzake Iain Macleod pia, yule yule aliyeongoza mkutano wa Lancaster House wa 1960 kuhusu katiba ya Kenya.

Home alithibitishwa tarehe 19, akaukana uerli tarehe 23. Hakubaki "Bwana" mtupu, kwa kuwa mwaka 1962 alitunukiwa Nishani ya Thistle, ambayo hairithiwi wala haikanwi kwa sheria ile. Ndipo ilipotoka "Sir". Jimbo lilikuwa tayari kwa sababu ya msiba: mbunge wa Kinross na West Perthshire, huko Uskochi, alifariki Agosti. Mgombea aliyekwisha kuteuliwa na chama, George Younger, akakaa kando. Ufunguzi wa kikao kipya cha Bunge ukasogezwa hadi 12 Novemba. Home akapata kura 14,147, akimzidi mgombea wa Liberal kwa 9,328. Mchekeshaji mmoja, William Rushton, aligombea dhidi yake akapata 45.

Maisha yake mengine yanataka mistari michache. Alizaliwa 1903, akasoma Eton na Oxford, na ndiye waziri mkuu pekee wa Uingereza aliyecheza kriketi ya daraja la kwanza. Aliingia bungeni 1931 akiitwa Lodi Dunglass, jina la heshima analoazimwa mtoto mkubwa wa erli na ambalo halimpi kiti cha ulodi. Alifuatana na Waziri Mkuu Chamberlain kwenda Munich 1938 kuonana na Hitler. Kifua kikuu cha uti wa mgongo kikamlaza kwa takriban miaka miwili wakati wa vita. Uwaziri mkuu wake ulidumu siku 363. Humo mna uhuru wa Zanzibar (10 Desemba 1963) na wa Kenya (12 Desemba), na maasi ya wanajeshi ya Januari 1964, pale makomando wa Kiingereza walipotua Dar es Salaam kwa ombi la Nyerere.

Harold Wilson, kiongozi wa Labour, alimdhihaki kila mara kuwa ni erli wa 14. Home akajibu kwenye televisheni kwamba, ukitafakari, huenda naye ni Bwana Wilson wa 14. Jibu zuri, lakini Oktoba 1964 Labour walipata viti 317 dhidi ya 304 vya Conservative. Kama kilichomwangusha ni uerli wake au uchovu wa wapiga kura baada ya miaka 13 ya chama kimoja, takwimu hizo hazitenganishi. Yeye mwenyewe ndiye aliyesimamia kanuni mpya za 1965 za kumchagua kiongozi wa chama kwa kura, kisha akampisha Edward Heath.

Mwaka 1974 akarudi Bunge la Malodi. Mkoba wa zamani hakuweza kuushusha ukutani, hivyo akapewa mwingine mpya: ulodi wa maisha, usiorithiwa, kwa jina la Lodi Home wa Hirsel. Alifariki tarehe 9 Oktoba 1995, na uerli uliolala miaka 32 ukaamka siku hiyo. Mwanawe David akawa Erli wa 15, akabaki kati ya malodi wachache wa kurithi waliosazwa na mageuzi ya 1999 yaliyowaondoa wengi wao bungeni, na akakalia kiti hicho hadi kifo chake 2022. Mageuzi hayo hayo yaliwaruhusu malodi wa kurithi wasio na kiti kugombea ubunge bila kukana chochote. Viscount Thurso aliingia Bunge la Makabwela mwaka 2001 na cheo chake kikiwa salama.