Uyoga ni kitoweo, unga wake usiwe tiba

Wengi wanaotuuliza habari za uyoga hutaka kujua unatibu nini. Jawabu yangu huwa fupi: ni kitoweo kizuri, na uzuri huo unatosha bila ya kuuita dawa.

Uyoga mbichi ni maji kiasi cha asilimia 90, ndiyo maana kikapu kizima kikishaiva hubaki bakuli. Kinachobaki kina protini, potasiamu, vitamini za kundi B, mafuta kidogo mno, na nyuzinyuzi za beta-glukani ambazo hatuzimeng'enyi sisi bali huliwa na bakteria wema wa utumboni. Chumvi yake ya asili ni ndogo, kwa hiyo unamfaa mwenye presha, mradi mpishi naye azuie mkono.

Lisilojulikana sana ni habari ya jua. Uyoga una ergosteroli, na mwanga wa jua huigeuza kuwa vitamini D. Ukate vipande, utandaze kwenye ungo, upande wa mistari, ule wa chini ya kofia, uangalie juu, uuanike jua la adhuhuri kwa robo saa hadi saa moja, ndipo uupike. Kwa anayeshinda ndani kutwa, hilo si dogo. Na uive hasa! Kuta zake zina kitini, kitu kigumu kwa tumbo. Kuutumbukiza kwenye tui na kuuepua papo hapo si kuupika.

Sasa huo unga wa uyoga unaouzwa makoponi kama dawa. Uyoga tunaoula ni tunda tu; mti wenyewe ni nyuzi nyeupe zinazotambaa ndani ya majani ya mpunga au makumbi. Nyuzi hizo huoteshwa pia juu ya punje za mtama, na ndiyo mbegu anayouziwa mkulima: punje zimeshikana, zote nyeupe. Ukiona kijani, ukungu mwingine umeshaingia. Baadhi ya viwanda vya unga huo husaga nyuzi pamoja na nafaka yake, na mnunuzi humeza wanga mwingi bila kujua. Mwenye kisukari aulize kwanza. Kweli, Japani iliidhinisha mwaka 1977 dawa iitwayo krestini, iliyotokana na nyuzi za uyoga wa magogoni, itumike pamoja na matibabu mengine ya saratani. Lakini ile ilichujwa na kupimwa, nayo ilikuwa ikitolewa na daktari. Asiache mtu vidonge vyake kwa sababu ya kopo.

Masika yakikaza, uyoga huchomoza kila pahala, na hapo ndipo pa kuogopa. Sumu ya baadhi yake haiishi kwa kuchemshwa. Kwamba mbuzi kaula akasalimika si ushahidi, wala kitunguu saumu kilichopikwa nao kisibadilike rangi.

Mwenye jongo aule kwa kiasi, kwani una purini, kitu kinachochochea maumivu hayo ya viungo. Anayeotesha nyumbani avune kabla kofia hazijakunjuka kabisa, apitishe hewa bandani na afunike pua: vumbi laini linalotoka kwenye kofia hizo huleta kikohozi kisichosikia dawa ya kifua, mpaka mtu ajitenge nalo.