Je, mashine ya kupumulia hujuaje kwamba mgonjwa anataka kuvuta pumzi?

Tukiambiwa mgonjwa "yuko kwenye mashine", wengi wetu tunamwona mtu asiyejitambua, mashine inampulizia hewa kwa mwendo wake na yeye anapokea tu. Ni kweli kwa aliye katika usingizi mzito wa dawa, mathalani wakati wa upasuaji. Lakini katika chumba cha wagonjwa mahututi, wengi wanajitahidi kupumua wenyewe, ila nguvu haziwatoshi. Na madaktari hupenda waendelee kujitahidi, kwa sababu kiwambo, ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, hudhoofika upesi kikikosa kazi. Kwa mgonjwa wa namna hii mashine ni msaidizi, na msaidizi lazima ajue aingie lini.

Hapo ndipo penye taabu. Mashine za kawaida husubiri shinikizo ndani ya mirija lishuke, au hewa ianze kwenda upande wa mgonjwa. Chukua watu wawili wanaoinua gunia zito, mmoja amefungwa kitambaa machoni. Huyu ataanza kuinua pale tu atakapohisi gunia limetikisika, kwa hiyo kila mara amechelewa. Upepo ukilisukuma gunia, anainua bure. Na gunia likiwa limenasa mahali, mwenzake atahangaika hadi achoke bila yeye kujua lolote.

Hayo yote hutokea wodini. Hewa ikivuja kwenye mrija, mashine hudhani mgonjwa amevuta pumzi. Mwenye ugonjwa sugu wa mapafu hubaki na hewa iliyonaswa kifuani, hivyo anakaza msuli kweli, lakini mirijani hakuna kinachobadilika. Utafiti mmoja wa mwaka 2006, wa wagonjwa 62, ulikuta kwamba kwa karibu robo yao, zaidi ya sehemu moja ya kumi ya pumzi haikuoana na mashine.

Dawa yake ni kumfungua yule mtu kitambaa. Mwaka 1999, Christer Sinderby na wenzake walieleza katika jarida la Nature Medicine njia ya kusikiliza umeme wa kiwambo chenyewe. Njia hiyo sasa huitwa NAVA. Amri ya kupumua hutoka kwenye shina la ubongo, hupita kwenye neva za shingoni, na ikifika kwenye kiwambo huzaa umeme hafifu wa mikrovolti (sehemu za milioni za volti) chache kabla hewa haijasogea.

Umeme huo hunaswa na elektrodi, yaani vipande vidogo vya kunasa umeme, zilizopachikwa kwenye mpira mwembamba unaopitishwa puani hadi tumboni. Ni mpira ule ule unaoweza kutumika kumlisha mgonjwa. Umio, yaani njia ya chakula ambamo mpira hupita, hupenya katikati ya kiwambo, kwa hiyo elektrodi hukaa pale pale jirani na msuli. Kinachopiga kelele hapo ni moyo, kwani umeme wake ni mkubwa zaidi na lazima uchujwe. Ila kelele hiyo ina faida yake: kwenye skrini, mistari ya elektrodi za juu, zilizo karibu na moyo, huonyesha mawimbi makubwa ya moyo, ya zile za chini hufifia, na kwa kuilinganisha muuguzi hujua kama mpira umekaa sawa.

Baada ya hapo ni hesabu ya kuzidisha. Shinikizo hupimwa kwa sentimita za maji; daktari akipanga sentimita 1 kwa kila mikrovolti, umeme ukipanda kwa mikrovolti 10 mashine huongeza shinikizo la sentimita 10. Msuli ukianza kulegea, mashine nayo inaacha. Ila njia hii nayo inaweza kukosea: hata kwikwi, ambayo ni mkazo wa ghafla wa kiwambo, inaweza kuonekana kama ombi la hewa.

Neva ikiwa imekatika, au mgonjwa akipewa dawa za kulegeza misuli, hakuna cha kusikiliza, na mashine hurudi kwenye utaratibu wa zamani. Kwamba NAVA huoanisha pumzi vizuri zaidi, tafiti nyingi zimeonyesha. Kwamba hupunguza vifo, bado haijathibitishwa.