Je, wajua? Vidonge vya kiungulia vinaweza kupandisha kalsiamu kwenye damu

Mtu ana kiu isiyokatika, anakojoa kila mara, choo ni kigumu na mwili umechoka. Anapimwa sukari, iko sawa. Kipimo kingine cha damu kinaonyesha kalsiamu iko juu. Mara nyingi chanzo ni tezi nne ndogo za shingoni zinazosimamia kalsiamu, au saratani. Lakini kuna wakati jibu limo kwenye mkoba wa mgonjwa, katika kitu ambacho hakukitaja kwa daktari kwa kuwa yeye hakihesabu kuwa ni dawa.

Vidonge vingi vya kutafuna vya kiungulia ni kalsiamu kaboneti, madini yaleyale ya mawe ya chokaa. Kimoja baada ya mlo mzito hakina neno. Shida ni kuvitafuna kutwa, na juu yake kumeza vidonge vya mifupa vyenye kalsiamu na vitamini D, ambayo huufanya utumbo ufyonze kalsiamu zaidi. Kalsiamu ikizidi, figo hushindwa kubakiza maji, mkojo unakuwa mwingi na mwili unakauka. Mwili ukikauka, figo hupunguza kutoa kalsiamu, na alkali ya vidonge vyenyewe, yaani kile kinachozima asidi, huzidi kuzizuia kuitoa.

Haya si mageni. Mwaka 1915 daktari Bertram Sippy wa Chicago alitibu vidonda vya tumbo kwa maziwa na krimu kila saa, pamoja na unga wa alkali. Kufikia 1923 madaktari walikuwa wameandika kuhusu wagonjwa wa tiba hiyo walioumwa kichwa, kutapika na kuharibika figo. Dawa mpya za vidonda zilipokuja, tatizo lilififia; vidonge vya mifupa vimelirudisha.

Dawa za presha za kundi la thayazaidi nazo zinaweza kupandisha kalsiamu: hukojoza maji na chumvi, lakini huzifanya figo zirudishe kalsiamu mwilini. Lithiamu, dawa ya magonjwa ya akili, huzifanya tezi za shingoni ziendelee kumwaga homoni ya kupandisha kalsiamu hata ikiwa imetosha.

Usiache dawa ya presha wala lithiamu bila daktari. Mpelekee pakiti zote, hata za kiungulia na vitamini. Aliyezidisha vidonge vya kiungulia huachishwa na kutundikiwa dripu, na kalsiamu hushuka ndani ya siku chache. Figo ndizo huchelewa kupona, na kwa wengine hazirudi kama zamani.