Tukibishania GMO, tuulize kwanza ni zao gani

Ukitaja GMO, yaani mazao yaliyobadilishwa vinasaba, kwenye mkutano wa wakulima, iwe Ukerewe au Sengerema, hoja ya kwanza ni mbegu: "Tutanunua kila msimu mpaka lini?" Hofu hiyo ina msingi. Wengi wamepanda mahindi chotara na kuona kwamba ukirudishia punje za mavuno shambani, msimu unaofuata mavuno yanashuka. Chotara si GMO, lakini aliyeumia dukani hasahau.

Mimi nashughulika na magonjwa ya mihogo, na huko hoja hiyo haikai. Muhogo tunapanda pingili. Sifa ya shina inakwenda na kila kipande unachokata, na jirani akikuomba mzigo anaondoka nayo. Ugonjwa nao husafiri hivyohivyo. Michirizi ya kahawia, ugonjwa wa virusi, huenezwa na nzi weupe, lakini wanaoifikisha mbali ni sisi, kwa baiskeli na mitumbwi. Majani yanaweza kukudanganya kwamba mambo ni shwari. Ukipasua muhogo unakuta mabaka ya kahawia, makavu kama kizibo. Akina mama huchonga na kutupa, huchonga na kutupa, hadi kinachobaki cha kuvundika udaga hakijazi ungo. Inauma kuona.

Watafiti waliingiza kwenye muhogo kipande cha vinasaba vya virusi hivyo, mmea ukapata uwezo wa kuvitambua na kuvikatakata. Kenya iliuidhinisha Juni 2021 uingie kwenye majaribio ya mashamba ya wazi. Kwetu, majaribio ya mahindi ya GMO yaliyoanza Makutupora, Dodoma, mwaka 2016 yalisitishwa Novemba 2018.

Tahadhari naiheshimu. Ninachopinga ni kuwauliza wananchi "mnataka au hamtaki?" kana kwamba pamba na muhogo ni kitu kimoja. Burkina Faso iliacha pamba ya GMO kwa sababu nyuzi zilikuwa fupi na soko likalalamika; mkulima wa pamba wa Kwimba ana haki ya kulijua hilo kabla ya kutoa maoni. Wa muhogo anapaswa kuelezwa nani anamiliki kibali, na mbegu zetu za asili zitatunzwa wapi.

Wazee huniuliza sana kuhusu chavua ya muhogo wa GMO kuingia kwenye mashamba yao. Ni kweli muhogo huchanua na wadudu huhamisha chavua shamba hadi shamba. Lakini shina lako halibadiliki kwa hilo, na ndilo utakalolipanda tena. Hatari iko kwenye miche inayojiotea kutokana na mbegu zilizodondoka. Hiyo ing'olewe mapema, na hapo ndipo ningependa sheria iwe kali.