Je, wajua kompyuta huchoraje lenzi ambayo mtoto huivaa akilala?

Mtoto mwenye tatizo la kutoona mbali, yule anayesoma kitabu bila shida lakini namba ya matatu haioni mpaka gari lisimame mbele yake, kwa kawaida hupewa miwani. Ipo njia nyingine: lenzi ngumu inayopitisha hewa, huvaliwa wakati wa kulala na kuvuliwa asubuhi, mtoto akashinda bila miwani. Huitwa othokeratolojia.

Wengi hudhani lenzi hiyo huligandamiza jicho. Kwa kweli kazi kubwa hufanywa na machozi. Kati ya lenzi na konea, kioo cha mbele ya jicho, hubaki utando wa machozi wa maikroni chache (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), na pembeni kidogo nafasi huwa pana zaidi. Tofauti hiyo husukuma katikati na kuvuta pembeni, hivyo tabaka la juu la konea, lenye unene wa maikroni 50 hivi, hupungua katikati. Konea ikiwa bapa zaidi, mwanga hutua kwenye retina yenyewe, utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, badala ya mbele yake.

Vipimo vidogo hivyo havikisiwi kwa macho. Mashine humulika konea kwa miduara ya mwanga, mbinu aliyoianzisha Mreno Antonio Placido katika miaka ya 1880, kisha huchora ramani ya miinuko yake. Programu huchukua ramani hiyo pamoja na namba ya miwani, hubuni lenzi ya jicho lile tu, na kuonyesha jinsi machozi yatakavyotanda chini yake kabla haijachongwa. Hilo hupunguza kujaribisha lenzi moja baada ya nyingine, na anayejua mtoto wa miaka minane anavyofumba jicho kidole kikikaribia ataelewa faida yake.

Baada ya usiku wa kwanza ramani huchorwa tena, na programu huilinganisha na ya awali. Duara bapa likikaa katikati, sawa. Likipanda juu, ramani hutoa umbo la tabasamu, tabasamu lisilomfurahisha mtaalamu: mara nyingi lenzi ni bapa mno na hubuniwa upya.

Jicho la mtoto likizidi kurefuka, kutoona mbali huongezeka. Utafiti wa Hong Kong uliochapishwa 2012 ulionyesha kuwa kwa miaka miwili macho ya watoto waliovaa lenzi hizi yalirefuka polepole kwa asilimia 43 kuliko ya wenye miwani. Hata hivyo si tiba ya kudumu. Ukiacha kuvaa, konea hurudi ilivyokuwa.

Kwa mzazi wa Nairobi, la kuchunga zaidi ni maji. Ya bomba au ya tangi la juu ya paa yasiguse lenzi kamwe, maana huweza kubeba akanthamiba, kijidudu kinachoweza kupofusha. Jicho likiwa jekundu au likiuma, vua lenzi na umpeleke mtoto kwa daktari wa macho siku hiyohiyo.